Sababu Lazima Iandikwe

Masunga Gamaya alitoka Sapiwi alfajiri, Jumatatu moja ya mwezi wa tano mwaka 1996, akiwa amevaa koti la kanisani na viatu vya matairi, akaenda Bariadi kumfuta mwanawe wa kwanza. Kufuta ndilo neno alilolitumia mbele ya karani wa Mahakama ya Mwanzo. Hakungoja zamu wala hakukaa kwenye benchi alilooneshwa. Aliweka viganja viwili juu ya meza akasema:

"Karani, nina mtoto nataka kumfuta."

Karani aliitwa Januarius, mtu mwembamba, mpole wa sauti, aliyekwisha kuwaona wazee wengi wa namna hiyo. Akaifunga kalamu yake. "Kumfuta wapi, mzee wangu?"

"Kwenye mali. Nikifa asipate hata kwato."

"Una watoto wangapi?"

"Watatu. Wawili uwaandike. Mmoja, hapana. Constantine. Unamjua, anakaa hapa hapa mjini, ndiye yule mwenye pikapu ya buluu anayenunua pamba."

Januarius alimjua. Bariadi nzima ilimjua. "Amekukosea nini?"

"Alimwacha mama yake afe."

Januarius akamweleza taratibu, kama mtu anayemshusha mgonjwa kitandani. Baba anaweza kumnyima mtoto urithi, mila inaruhusu, na kutomhudumia mzazi mgonjwa ni sababu inayokubalika. Ila sababu lazima itajwe na iandikwe. Na mtoto mwenyewe lazima aitwe mbele ya baba na ndugu, aambiwe kosa lake, apewe nafasi ya kujibu.

"Ng'ombe ni wangu," Masunga akasema, sauti ikipanda. "Mtoto ni wangu. Hasira ni yangu. Mkutano wa nini?"

"Wa kumsikiliza, mzee. Usipofanya hivyo, siku ukifa atakuja kulalamika hapa hapa, na wosia wako utakuwa karatasi ya kufungia karanga."

Masunga aliwatazama watu waliokuwa kwenye benchi, nao wakajifanya hawasikii. "Basi aje ajibu," akasema. "Tena na wewe uje, uandike kila neno. Nataka liandikwe lote."

Hakuzaliwa na hasira ile. Aliyemjua ujanani angekwambia kwamba Masunga alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko, mpenda sifa, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi wa kutoa. Alizaliwa Lingeka, upande wa Meatu, katika nyumba ya watoto kumi na mmoja ambako ardhi haikuwatosha tena. Akahamia Sapiwi na mke wake Minza na ndama wawili. Walilima pamba kwa jembe la mkono, kisha kwa plau. Mwaka wa Operesheni Vijiji nyumba yao ilivunjwa wakaambiwa wahamie barabarani. Wakahamia, wakajenga, na miaka ilipopita wakarudi taratibu kwenye shamba lao la zamani bila kumuuliza mtu. Kwenye kisomo cha watu wazima walikaa dawati moja. Minza alijua kusoma kabla yake, na alikuwa akimcheka kwa jinsi alivyosukuma silabi kama mtu anayesukuma gari bovu. Hata baadaye barua zote za nyumbani alizisoma Minza. Masunga alisaini tu.

Kilichowatajirisha hasa ni ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyatunza masika ili mifugo ipate majani kiangazi. Ya Masunga ilikuwa kubwa, imezungushiwa ua wa minyaa aliyoipanda yeye na mkewe mche kwa mche. Miaka ambayo ng'ombe wa watu walikuwa mifupa inayotembea, wa Masunga walikuwa na manyoya yanayong'aa. Akafikisha ng'ombe sitini na wawili.

Na watoto wakakua. Wa pili, Salvatory, akawa mwalimu Mwandoya, mtu asiyependa ugomvi. Wa mwisho, Klementina, aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani. Masunga akarudisha ng'ombe wa mahari kwa wenyewe, akalalamika kijiji kizima kikasikia, lakini alimpokea. Kwa miaka tisa Klementina alilima, akavuna na akapika katika boma la baba yake.

Lakini fahari ya Masunga ilikuwa Constantine. Alikuwa karani wa chama cha msingi, mtu wa kuandika uzito wa pamba za watu. Chama kilipokufa, ghala likafungwa kwa kufuli, Constantine akakaa nyumbani mwaka mzima kama kuni iliyonyeshewa. Kisha ikatoka ruhusa ya wanunuzi binafsi. Kampuni moja iliyotoka Mwanza ikamtafuta, kwa sababu aliwajua wakulima wote kwa majina, ikampa mizani na pikapu. Siku pikapu ile ilipoingia uani kwa mara ya kwanza, Masunga alichinja mbuzi. Wiki nzima alizunguka vilabuni akisema: "Mimi na mke wangu tukiugua hatutapanda mkokoteni tena. Mkokoteni ni wa pamba. Sisi tuna gari."

Mwezi wa saba mwaka 1995 Minza aliugua. Tumbo lilimshika Jumapili, na Jumatatu asubuhi lilikuwa limevimba, gumu, hawezi kumeza maji. Masunga akamtuma mtu kwa baiskeli na barua kwenda kwa Constantine. Jibu likaja: yuko gulioni, atafika Alhamisi. Alhamisi alfajiri, gari likiwa bado halijaonekana, Masunga alifunga maksai wake, wakampakia Minza kwenye mkokoteni. Alikata roho wakiwa hawajafika mjini. Mganga aliyemwona hospitalini alisema utumbo ulikuwa umejisokota, na kwamba angeletwa siku mbili mapema wangempasua.

Siku mbili mapema! Maneno hayo Masunga aliyabeba matangani, akamwambia kila aliyekuja kuhani. Walipomuuliza kwa nini hakutumia mkokoteni tangu Jumatatu, alisema ekseli ilikuwa imevunjika. Alilisema hilo mara nyingi sana, mpaka mdomo ukawa unalipita bila kusimama. Constantine alikuja mazishini, akachimba kaburi pamoja na wenzake, na baba yake hakumpa mkono.

Baraza lilikaa Jumamosi, kivulini mwa nyumba, kabla jua halijawa kali. Alikuwepo Sayi, mdogo wake Masunga, kamanda wa zamani wa sungusungu, mtu wa fimbo na kikohozi. Salvatory alikuwa ametoka Mwandoya na alikaa akichora chini kwa kijiti. Januarius alikuja kwa baiskeli, akapewa kiti pekee chenye mgongo. Klementina alikaa mkekani karibu na mlango, amekunja miguu. Mbele yake kulikuwa na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo hakuna aliyeigusa.

Constantine aliiacha pikapu mbali, barabarani, akaja kwa miguu. "Mwangaluka," akawasalimu wote. Wakaitika, isipokuwa mmoja. Akapiga hatua mbele. "Shikamoo, baba."

Masunga akatazama zizi.

Januarius alifungua mkutano kwa maneno machache, kisha akampa Masunga nafasi. Masunga akasimama. Alikuwa ameyapanga maneno yale kwa mwezi mzima, na yalitoka kama maji ya lambo lililobomoka.

"Huyu nilimnyonya pua alipokuwa na mafua. Huyu nilimuuzia dume la mbegu apate kusoma. Mama yake alikaa na njaa ili yeye ale. Siku mama yake alipolala pale ndani analia tumbo, nilimwandikia: njoo na gari, mama yako anakufa. Akanijibu Alhamisi! Kama mtu anayepanga mnada! Pamba ya watu aliibeba, mama yake hakumbeba. Sasa nasema mbele yenu: asirithi. Asipewe ng'ombe, asipewe shamba, asipewe hata kamba ya kufungia ndama. Andika, karani. Andika kwamba alimwacha mama yake afe."

Kalamu ya Januarius ilikwaruza karatasi. Sayi akakohoa kuunga mkono. "Baba," Salvatory akasema bila kuinua kichwa, "tungeyamaliza kifamilia. Yaishe."

"Yaishe nini? Wewe kila kitu yaishe! Hata msiba kwako ni kitu cha kuishia!"

"Constantine," Januarius akasema, "umesikia. Unajibu nini?"

Constantine alikuwa mtu mnene kidogo, mwenye mikono ya mtu wa mizani. Aliisugua magotini. "Barua ilinifika Jumatatu jioni," akasema. "Hilo ni kweli. Nilikuwa gulioni Dutwa. Kampuni tatu zilikuwa pale, zinagombea pamba ile ile, na bosi alikuwa amesema atakayeacha mizani aache na ufunguo wa gari. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima bila kazi, baba, unakumbuka. Nikajiambia ni tumbo, litatulia, nitafika Alhamisi. Nilikosea. Andika, karani: nilikosea. Sina siku ninayoamka bila kulikumbuka hilo."

"Mmesikia!" Masunga akasema. "Amekiri mwenyewe!"

"Nimekiri. Lakini na mimi nina swali, kama sheria inaniruhusu."

"Inakuruhusu," Januarius akasema.

Constantine akamgeukia baba yake. Hakupandisha sauti. "Mkokoteni ulikuwa wapi?"

"Ekseli ilivunjika. Kila mtu anajua."

"Ilivunjikia wapi? Nani aliitengeneza? Maana Alhamisi ulimbeba mama kwa mkokoteni huo huo. Nimewauliza mafundi wote wa Sapiwi, baba. Hakuna aliyegusa ekseli yako mwezi ule."

Damu ilimpanda Masunga mpaka masikioni. Mtoto huyu amezunguka kwa mafundi kumchunguza baba yake! Alitafuta neno la kumpiga nalo asilipate, akamgeukia Klementina, kama mtu anayenyoosha mkono kuchukua fimbo anayojua iko wapi.

"Mayu," akamwambia, kwa jina lile la mama ambalo Wasukuma humwita binti wampendaye. "Waambie hawa."

"Niwaambie nini, baba?"

"Habari ya ekseli. Wewe ulikuwepo."

Klementina aliiweka sahani pembeni. "Mkokoteni ulikuwa mzima," akasema. "Jumatatu mchana, barua ilipokuwa imeshaondoka, nilitandika majani na godoro, nikafunga maksai. Ukaja ukawafungua. Ukasema mke wa Masunga hapandishwi mkokoteni kama gunia la pamba wakati mwanae ana gari, watu watacheka. Jumanne nikawafunga tena. Ukaja na fimbo."

Kalamu ya Januarius ilikuwa bado inatembea, na ile sauti ndogo ya kalamu ndiyo iliyomtoa Masunga akilini. Aliruka, kigoda kikapinduka.

"Muongo! Wote waongo! Umenilisha sumu ndani ya nyumba yangu! Nimekulisha miaka tisa, nimerudisha mahari yako, leo unanivua nguo mbele ya karani!"

"Tumelishana, baba," Klementina akasema.

"Mwanamke aliyerudi kwao hana neno barazani," Sayi akanguruma. "Karani, hilo usiliandike."

"Nimeshaliandika, mzee."

"Lichane!" Masunga akafoka. "Chana karatasi hiyo! Tokeni wote! Toka, Constantine, na mguu wako usikanyage hapa! Na wewe, mwalimu wa yaishe, nenda kayaishe Mwandoya!"

Januarius alisimama, akakunja karatasi mara mbili, akaiweka juu ya kiti chenye mgongo. "Ni yako, mzee Masunga. Uliniambia niandike kila neno. Ukitaka kumnyima huyu urithi, hii ndiyo itakayosomwa, maneno yako na majibu yao. Hakuna nyingine. Ukiwa tayari, njoo nayo." Akapanda baiskeli yake.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Masunga alimkasirikia Constantine kwa swali, Klementina kwa jibu, Salvatory kwa unyonge, karani kwa mwandiko wake mzuri. Aliwapiga maksai bila sababu. Chakula cha Klementina alikiacha siku mbili. Binti hakubembeleza, alikifunika, jioni akawapa kuku. Siku ya tatu Masunga akala, na kila tonge lilimwongezea hasira kwa sababu ugali ulikuwa mtamu.

Karatasi aliitia sandukuni, na kila siku mchana, Klementina akiwa shambani, aliitoa. Aliisoma kwa kidole, silabi baada ya silabi. U-ka-wa-fu-ngu-a. Hakuna wa kumsomea tena. Mara nyingine aliishia hapo, akaitupa sandukuni na kulifunga kwa kishindo.

Jambo lililomuuma zaidi halikuwa kwenye karatasi, kwa sababu hakuna aliyelijua. Jumanne ile, baada ya kumfukuza Klementina kwa fimbo, aliingia ndani, na Minza akamwambia, "Masunga, nipeleke." Basi. Neno moja, kwa sauti ndogo. Naye akamjibu, "Gari linakuja." Minza alimtazama kwa muda, yule mwanamke aliyemjua kuliko mtu yeyote chini ya jua, kisha akageukia ukutani. Hakurudia. Na mwaka mzima, chini ya hasira aliyokuwa nayo kwa Constantine, Masunga alikuwa na hasira nyingine kwa mkewe: kwa nini hakupiga kelele? Kwa nini hakumtukana? Angemtukana, angefunga maksai. Alijua kabisa kwamba angewafunga, kwa hasira tu, ili kumnyamazisha. Sasa aliigeuza hasira hiyo huku na huku akitafuta pa kuiweka, na kila alipoiweka ilirudi kwake.

Wiki ya tatu alikwenda kuchuma pamba. Klementina alikuwa mstari wa pili, nguo imefungwa kiunoni imejaa pamba. Wakachuma kwa muda mrefu bila kusemeshana, yeye akitenga pamba safi, baba yake akichanganya na fifi, ile pamba chafu, kwa sababu macho yake hayakuwa kazini.

"Kwa nini ulinyamaza mwaka mzima?" Masunga akauliza. Lilitoka kama karipio.

"Ulikuwa umefiwa."

"Na wewe ulikuwa umefiwa."

"Ndiyo." Akachuma vitumba viwili, vitatu. "Nilisema ni uongo wa matanga, utauacha mwenyewe. Watu husema mengi matangani. Lakini ulipotaka kuuandika kwenye wosia, nikaona sasa utarithiwa. Watoto wa Constantine wangeurithi. Na mimi ningekuwa shahidi."

Masunga alisimama katikati ya pamba akiwa amekunja ngumi. Kama binti angekuwa amekosea neno hata moja, angemfokea mpaka Dutwa wasikie. Hakuwa amekosea. Akainama akaendelea kuchuma, kwa fujo, akivunja matawi, na Klementina akamwacha avunje.

Jumatatu iliyofuata alirudi Bariadi. Alimchukua Sayi awe shahidi wa ukoo, na katekista wa kigango awe shahidi asiye ndugu. Hakueleza njiani anakwenda kusema nini. Alipofika kwa Januarius alikaa kwenye benchi, akangoja zamu yake, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyepoa.

"Andika," akasema. "Constantine apate fungu lake la mtoto wa kwanza, kama mila inavyotaka."

Sayi akageuka. "Kaka!"

"Nyamaza. Salvatory apate la pili. Andika."

Januarius akaandika. "Kwa hiyo umemsamehe, mzee."

"Sijamsamehe!" Watu wa kwenye benchi wakashtuka. "Nani amekwambia nimemsamehe? Angekuja na gari Jumatatu usiku, mke wangu angekuwa anapika sasa hivi. Hilo liko palepale. Lakini siwezi kumkata kwa kosa ambalo nusu yake nililifanya mimi. Andika mali. Msamaha usiandike, hauna kwato."

"Sawa. Na karatasi ya baraza?"

Masunga akaitoa kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. "Ishone nyuma ya wosia."

"Si lazima, mzee. Kama humkati mtu, haihitajiki."

"Nimesema ishone. Nilidanganya kijiji. Sina nguvu ya kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia, na nikijaribu nitagombana nao. Waisome nikiwa nimelala."

Katekista alitazama chini. Januarius alichukua sindano na uzi, vitu anavyoshonea mafaili, akaishona.

"Sasa Klementina," Masunga akasema. "Huyu sitaki angoje nife. Nampa sasa, mbele ya hawa, nikiwa na pumzi. Ng'ombe kumi na wawili, majike, achague mwenyewe. Na ngitili."

Hapo Sayi akainuka. "Kaka, umerogwa! Ngitili ya ukoo unampa mwanamke aliyerudishwa? Akiolewa kesho itakwenda kwa nani? Binti hapewi ardhi, binti anakula tu. Ukoo utasemaje?"

"Ukoo ulikuwa wapi nilipokuwa napanda minyaa?" Masunga naye akainuka, wakasimama ana kwa ana, wazee wawili wenye pua moja. "Uliniona nikichimba, ukapita. Mche mmoja hukushika. Tulipanda mimi na Minza, yeye ana mimba ya huyu huyu Klementina, tunamwagilia kwa vibuyu. Hiyo si ya Gamaya. Ni ya Minza nusu nzima, na nusu ya Minza inakwenda kwa mtoto wa Minza aliyefunga maksai. Nusu yangu naiongezea juu, kwa sababu niliwafungua. Saini, Sayi. Usiposaini nitamwita Mgogo apitaye barabarani nimfanye ndugu."

Sayi alisaini. Alikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi, akatoka bila kuaga, akarudi Sapiwi peke yake kwa miguu. Kwa miezi minane hakunywa maji kwa kaka yake.

Kabla Masunga hajatia saini yake, Januarius alimsomea wosia wote kwa sauti. Aliposoma "mke wake, marehemu", Masunga akagonga meza.

"Marehemu gani? Wako wengi. Mwandike jina. Minza, binti wa Nindwa. Na uandike kwamba alijua kusoma."

Januarius akaandika hivyo hivyo.

Nyumbani, Klementina alisikiliza habari akiwa amesimama, ungo mkononi. Hakupiga vigelegele wala hakupiga goti. Alitazama upande wa ngitili kisha akamtazama baba yake.

"Ni malipo ya nini, baba?"

"Si malipo!" Masunga akafoka. Kisha akajaribu tena, chini kidogo. "Ni ya kulima. Miaka tisa umelima. Kuna mtu anauliza maksai malipo ya nini anapopewa majani?"

"Mimi si maksai."

"Najua. Maksai angekuwa amenyamaza."

Klementina akakaribia kucheka, lakini hakucheka. "Naomba nakala ya karatasi hiyo ya ng'ombe na ngitili," akasema. "Nitaiweka kwa katekista. Humu ndani karatasi zinalala sandukuni."

Alipewa. Alichagua majike wake siku ya pili yake, mmoja mmoja, akiwashika nundu na kuwatazama meno, na Masunga alikaa juu ya uzio wa zizi akilaumu kila chaguo lake. Alikuwa amechagua wale wote ambao yeye mwenyewe angewachagua.

Masunga aliishi miaka mitano zaidi. Alipokufa, Sayi alijaribu kuidai ngitili, akaenda hadi mahakamani, akaoneshwa saini yake mwenyewe na lile tundu la kalamu. Constantine alichukua fungu lake bila neno, akampa Klementina ndama mmoja jike kutoka fungu hilo; Klementina akampokea ndama, akamlisha.

Lakini baba alipokuwa hai, mapatano kati yake na mwanawe hayakufika mbali. Msimu ulipofunguliwa mwaka ule, wiki chache baada ya wosia, Masunga alipakia pamba yake akaipeleka gulioni mwenyewe. Wanunuzi wanne walikuwa wamepanga mizani zao kwenye mstari, kila mmoja akiita. Constantine alikuwa wa kwanza. Alipomwona baba yake akija aliacha kuita, akavua kofia.

"Shikamoo, baba."

Masunga akasimamisha maksai. Watu wakageuka kuangalia, maana Sapiwi yote ilijua wawili hao hawajasalimiana tangu mazishi. Mzee alikaa kimya mpaka wengine wakaanza kuona aibu kwa niaba yake.

"Marahaba," akasema. "Watoto hawajambo?"

"Mhola, baba. Wanakuulizia."

"Walete Jumapili. Waje na mama yao." Akafikiri kidogo. "Na wewe waweza kuja."

Kisha akawachapa maksai, akaipita mizani ya mwanawe, akaenda kuuza kwa kampuni nyingine. Alifanya hivyo kila msimu mpaka alipokufa.